Masizi kwenye Viti vya Ngozi

Baba yangu mpendwa,

Huko uliko natumaini hayakufikii yanayosemwa sokoni Nachingwea, maana siku hizi mwanao ndiye habari ya mji. Bora nikusimulie mwenyewe. Zainabu wetu ameolewa Matambarale, kwa watu wema. Safari ya kumfikisha huko ndiyo iliyoniumbua.

Unakumbuka asubuhi zetu na lile gari lako la dizeli? Uliniketisha kiti cha mbele, ukazungusha ufunguo nusu, tukaitazama ile taa ya njano ya koili za kupasha injini moto mpaka izime. "Liache lipate moto kwanza," ulisema, "hata wewe hupendi kuamshwa kwa kofi." Kisha likanguruma, na kikombe chako cha chai kikatetemeka pale mbele ya kioo. Uliwabeba mabibi harusi wa mtaa mzima, kwa mwendo wa miguu, ngoma mbele, wanawake wakicheza ubavuni. Zainabu alipokuwa bado anakaa mapajani mwako ulimwahidi kwamba siku yake atakaa kiti kile cha nyuma. Nilikuwepo, nilisikia.

Mimi nikaja kutoka Dar na la kwangu, la Kijerumani kama lako, la dizeli kama lako, ila jipya. Unabonyeza kitufe tu, hakuna cha kusubiri koili. Ukiwa ndani hujui kama injini inawaka. Linakula mafuta kidogo kuliko lako, na kwenye lami lako lisingeona hata taa zake za nyuma. Hayo ni kweli, baba, sikuongopei. Ila bomba lake la moshi lina kichujio cha masizi, na kichujio hicho hujisafisha gari likikimbizwa mwendo mrefu. Lako lilitema moshi wake nje likaendelea na maisha. Langu linaweka moyoni.

Wiki nzima ya harusi sikulikimbiza. Nililizungusha polepole, sokoni, stendi, kwa mpakaji wa hina, kisha sokoni tena, ili wanione. Taa ya kichujio ikawaka, masizi yameanza kukiziba. Aliyeniuzia alikwisha kunionya kwamba ikiwaka nitoke nje ya mji niongeze mwendo. Nikasema nitatoka kesho. Kesho yake nikapata shemeji mwingine wa kumwonyesha gari.

Mama aliniomba Zainabu apande lako. "Baba ako kamwahidi mtoto," alisema. Nikamjibu mbele ya shangazi zangu, "Marehemu haendeshi gari, mama." Akarudi jikoni. Lako nikalipangia kubeba masufuria ya pilau la kupeleka kwa wakwe, Mjomba Hasani akiendesha, mwisho kabisa wa msafara, lisionekane. Naona aibu hata kuyaandika haya.

Tulitoka Nachingwea kwa mwendo wa ngoma. Tulipoishika barabara ya Ruangwa nikakanyaga mafuta, gari halikuitika. Taa zikajaa mbele yangu, nguvu zikaisha, tukaanza kupitwa na baiskeli zilizobeba magunia ya ufuta. Kwenye kilima kidogo tu likagoma kabisa, na wakwe waliokuja kutupokea njiani wakashuka wakasimama wanatutazama. Zainabu akasogeza ushungi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Usijali, kaka." Bibi harusi ndiye aliyenipa pole. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ndipo lako likaja kutoka nyuma, limejaa masufuria. Mjomba hakunicheka. Alizima injini, akashuka, akasema, "Tubadilishane mizigo, mjomba." Masufuria yakahamia kwenye viti vyangu vya ngozi na weusi wake wote wa jikoni. Khanga ikatandikwa kwenye kiti chako cha nyuma, Zainabu akapanda. Mjomba akazungusha ufunguo nusu. Ngoma ikanyamaza, wakwe wakanyamaza, watu wote wakasubiri koili ipate moto. Kisha likanguruma, na wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nikabaki kando ya barabara nalinda pilau mpaka wakwe walipotuma pikapu kuyachukua masufuria.

Jioni mama alinipigia simu kusema wamefika. Nyuma yake nilimsikia mama mkwe akimuuliza Zainabu ni nani kamleta. Zainabu akajibu, "Baba."

Gari langu limekwisha kutengenezwa, linakwenda vizuri, halina kosa. Masizi bado yapo kwenye viti, sijayafuta. Nilikwenda kumwomba mama msamaha kwa lile neno langu. Akanijibu, "Mie nishakusamehe. Kamwombe mwenyewe." Nikachukua ufunguo wako nikaenda kukaa kwenye kiti chako. Nikauzungusha nusu, nikaitazama taa ya njano mpaka ikazima. Sikuwasha. Niliendelea kukaa pale, nikisubiri uniambie kwamba sasa naweza.

Pumzika, baba. Nisamehe.

Mwanao, kaka yake Zainabu