Mashine ya Shangazi na Mawingu

Jumatano, 8 Oktoba

Leo injini imeondoka. Wamekuja wanaume wanne, wakaifunga kamba, wakaipandisha kwenye lori kwa heshima kama maiti ya tajiri. Ilikuwa ya marehemu mume wa shangazi. Imetulisha, imetutia uziwi, na imetupaka masizi mpaka tukapiga chafya nyeusi. Aliyeinunua ataitumia kuvutia maji shambani kwake. Shangazi hakulia. Alisimama mlangoni mpaka lori likakata kona, kisha akaniambia nizoe mafuta sakafuni. "Na tukikwama sasa," akasema, "hatuna pa kurudi."

Nikamwambia asihofu, amwachie mtaalamu. Akauliza mtaalamu gani huyo, na anafika saa ngapi.

Ha! Shangazi ana mdomo. Ndiyo maana tunaelewana.

Basi ndiyo hivyo, kuanzia wiki hii tunasaga mahindi kwa jua. Dizeli ilikuwa inatunyonya. Umeme wa waya nao unakatika kila kukicha — bwawa limekauka, maana mvua siku hizi hazijui tarehe. Msimu uliopita zilikuja zimechelewa, zikabomoa, zikaondoka bila kuaga. Mwaka huu hatujaziona kabisa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Paneli zimefika! Kazileta Injinia wa umeme wa jua, pamoja na mota ya kuzungusha kinu. Nilitegemea mzee wa miwani na kitambi. Kumbe ni dada tu, viatu vina vumbi, spana mfukoni. Akasimika nguzo na fremu uani, akanionyesha jinsi ya kufunga paneli, halafu akakimbilia kazi nyingine zahanati. Mimi nikabaki kumalizia. Peke yangu! Fundi mkuu!

Nimezisimamisha wima, zinatazama barabara. Zinang'aa kama meno ya dhahabu. Hakuna mpita njia anayepita bila kugeuka. Hata Mzee Moshi, mwenye mashine ya dizeli ng'ambo ya barabara, mpinzani wetu wa miaka yote, alivuka kuja kutazama. Nikamwamkia. Akaitika marahaba, akauliza hivyo vioo ni vya nini, kwani shangazi anafungua kinyozi?

Acheke. Kesho atanyamaza.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kesho imefika na aliyenyamaza ni mimi.

Mashine iliwaka ikalia kama nzi mlevi. Mahindi ya kwanza yalikuwa ya Bibi jirani. Yaliingia mazima, yakatoka yamevunjika vipande vitatu vitatu. Bibi akachota kiganjani, akayatazama, akauliza: "Mjukuu wangu, hii inasaga au inayabembeleza?" Foleni nzima ikaangua kicheko. Wawili wakabeba ndoo zao wakavuka kwa Mzee Moshi.

Injinia alirudi saa tano. Aliposhuka tu kwenye pikipiki akashika kiuno. "Nani kazisimamisha hivi kama bango?" Nikasema watu wazione. Akacheka mpaka akakaa chini. "Kaka, watu ndio wanaotoa umeme?" Shangazi hakucheka. Alisema polepole tu: "Ameona jua nalo tulitangazie biashara." Nilitamani ardhi ipasuke.

Tukazilaza upya, zikatazama juu kama inavyotakiwa. Na ikasaga! Wallahi ikasaga! Unga laini kama poda. Hakuna moshi. Hakuna kelele. Na hapo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: watu wote bado walikuwa wanapiga kelele. Miaka yote tumezoea kushindana na injini, basi mama mmoja akamwambia mwenzake siri ya mume wake kwa sauti ile ile ya zamani. Mtaa mzima ukasikia. Hata mume alisikia, alikuwa kwenye foleni.

Jioni shangazi aliniambia nile nishibe, nimefanya kazi. Angekuwa mwingine angenifukuza. Shule niliiacha — au iliniacha, inategemea unamuuliza nani — na ukoo mzima ukaniita mzigo. Yeye akaniita kazini. Siwezi kumwambia ahsante usoni, atadhani naumwa. Naandika hapa. Ahsante, shangazi.

Jumanne, 14 Oktoba

Injinia kaja kukagua. Nikamkalisha kwenye gunia nikamhoji kama hakimu. Nikamuuliza kwa nini tusingesubiri dunia yote imalize kubadilika, ndipo sisi tununue kile kilichokwisha kujaribiwa na wenzetu.

Akasema dunia ni kama mashine ya kusaga yenye foleni. Huwezi kuwaambia watu wakae na njaa miaka thelathini ili ubadilishe injini. Lazima uibadilishe huku inasaga. Kuna wanaofunga jua, kuna wanaofunga upepo, kuna wanaohifadhi umeme kwenye betri kubwa kama nyumba. Na kuna wanaoongeza dizeli bado. Yote kwa pamoja.

Nikauliza: tukizima moshi wote leo, mvua zitarudi na adabu zake lini? Akasema joto lililokwisha kupanda halishuki kesho. Tunaloweza ni kulizuia lisizidi. Matunda watayala wajukuu zangu.

Mimi sina hata mchumba, huyu dada ananipa wajukuu!

Nikamwambia basi waliotangulia kutoa moshi mwingi ndio wangetangulia kukosa mvua, hiyo ndiyo haki ya foleni. Binti wa shangazi, ambaye namwita Profesa kwa sababu kitabu hakimtoki mkononi, akadakia kwamba wakubwa wa dunia hukaa kila mwaka kulijadili swali hilo hilo. Nikasema waje wajadilie hapa kwenye gunia, wataamua haraka, maana Bibi jirani hapendi kusubiri. Injinia akasema swali langu ni zuri. Profesa akanuna. Swali zuri! Mimi!

Eti paneli hizi zitakuwa zinafanya kazi bado nikiwa na mvi. Nimelala nikifikiria mvi zangu. Nitapendeza.

Alhamisi, 16 Oktoba

Foleni imejifunza kusoma anga. Likipita wingu, mashine inalegea, na watu wote wanainua vichwa na kulitukana. "We wingu, pita huko!" "Huna kwenu?" Likiondoka wanashangilia kama goli limeingia. Bibi jirani anadai kuna moja linamfuata yeye binafsi tangu Jumanne.

Habari kubwa: mwalimu mkuu ametupa kazi ya shule! Magunia ya uji wa watoto, unga uwe tayari Jumatatu saa kumi. Kazi hiyo ilikuwa ya Mzee Moshi siku zote. Tukiiweza ni yetu mwaka mzima, na shangazi atapumua. Tukishindwa inarudi ng'ambo, na sisi tutabaki na vioo vyetu vya kinyozi.

Mwalimu mkuu akauliza kama tuna hakika. Shangazi akafungua mdomo, mimi nikamtangulia. Nikajipiga kifua: "Mwalimu, inyeshe mvua, yanyeshe mawe, unga upo." Shangazi akanitazama. Profesa akasema utabiri wa simu hauonyeshi mvua mpaka mwisho wa mwezi.

Basi raha.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mvua.

Imeanza saa nne asubuhi, tone moja, mawili, halafu mbingu ikamwagika. Mtaa mzima ulitoka nje. Watoto walivua mashati. Akina mama wa foleni walicheza na ndoo vichwani. Watu wamelia, sisemi uongo, watu wazima wamelia kwa furaha. Na mimi nimesimama mlangoni na spana, nimenuna kama niliyefiwa, mashine imekufa nyuma yangu.

Nikamwita shangazi. Alikuwa katikati ya ua, viganja wazi, kitenge kimemganda mwilini. Nikasema shangazi, mashine imesimama! Magunia ya shule! Akanijibu bila kugeuka: "Mwakani ulitaka kusaga nini, mchanga?"

Nikatupa spana nikaingia mvuani. Ahsante, mvua. Umechagua siku mbaya, lakini ahsante.

Sasa hivi najua kuna nchi jua linawaka bure na hakuna anayesaga kitu. Injinia anasema siku moja nyaya zitavuka nchi na nchi, mwenye jua ampe mwenye mawingu. Nimemuuliza kama siku hiyo inaweza kuwa Jumatatu.

Jumapili, 19 Oktoba

Bado inanyesha. Jana tulisaga debe moja tu, mawingu yalipopungua kidogo, na tulilisaga kwa maombi. Shangazi hajanilaumu. Hilo ndilo linaniuma zaidi. Angenikaripia ningepona.

Leo nimemeza mate, nimemeza na fahari yangu yote, nikavuka barabara kwa Mzee Moshi. Nilikuwa nimejipanga: shikamoo, nitapiga magoti, nitamwomba atusagie magunia ya shule, sifa achukue yeye. Nilijua atanicheka mpaka Krismasi.

Nikamkuta kakaa kwenye kigoda mbele ya injini yake, nayo imezimwa. Kimya! Nikasalimia. Akasema: "Marahaba, kinyozi." Nikamweleza shida yangu. Akafungua tangi la injini, akaniambia nichungulie. Kavu. Daraja limezolewa na maji, lori la mafuta limekwama ng'ambo ya mto tangu jana. Akasema miaka arobaini hajawahi kuona mto ule ukivimba mwezi huu.

Tukakaa wawili tukiangalia mvua. Wapinzani wakubwa! Mmoja hana jua, mwingine hana mafuta. Akaanza kucheka yeye, nikafuata. Nilipoondoka akaniuliza kama paneli zikilowa zinaharibika. Nikamwambia hapana Mzee, zinaoga tu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Saa nane mchana. Naandika nimeegemea gunia la shule, mtaa umejaa mlangoni.

Mvua imekatika saa saba. Wingu limekuwa jembamba, jeupe, kama kitambaa cha kuchujia maziwa. Injinia kapigiwa simu, kasema tujaribu, itapata nguvu labda ya gunia moja, labda mawili, inategemea.

Hapo hapo Mzee Moshi akatokea na mkokoteni. Kaleta ndoo za wateja wake, yeye mwenyewe anasukuma, tope mpaka magotini. Akamwambia shangazi kwamba hao hawana unga nyumbani tangu juzi. Wengine wana watoto wachanga. Kasema shule ni ahadi, anajua, hao wasubiri nyuma. Lakini hakuondoka.

Jua la gunia moja. Saa kumi mwalimu mkuu anakuja. Hata Profesa kafunga kitabu chake.

Shangazi akatazama magunia ya shule, akatazama mkokoteni. "Anza na hizo ndoo." Nikasema, shangazi, na kazi ya mwaka mzima? Akasema watoto wa shule ndio hao hao wanaolala nyumba hizo. "Washa, mwanangu."

Mwanangu. Nimewasha.

Inasaga. Polepole, inavuta pumzi, lakini inasaga. Kalamu mkono huu, ndoo mkono ule, mwandiko usinilaumu. Ndoo ya kwanza imekwisha. Mzee Moshi anashika mfuko wa unga upande mmoja, shangazi upande wa pili, wote vichwa juu, wanalitazama wingu kama wazazi wanaosubiri matokeo. Ndoo ya tatu. Watu hawatukani wingu leo, wanalibembeleza. Bibi jirani analiita mwanangu, mpenzi wangu, sogea kidogo. Ndoo ya tano — imelegea — hapana, imerudi! Imerudi!

Kivuli changu kimetokea sakafuni. Sikuwa nacho tangu Alhamisi.

Profesa anasema mwalimu mkuu yule anakuja, saa kumi haijafika. Magunia ya shule hayajaguswa. Nimemuuliza shangazi, nisimamishe nikamweleze? Anasema nisithubutu, tia ndoo ya sita. Namwona mwalimu dirishani. Anakwepa madimbwi. Mwavuli ameufunga, anajikinga jua kwa mkono, anaitazama foleni, na sasa anaingia. Kalamu chini, ndoo ya sita inaningoja.