Shangazi na Waya wa Intaneti

Usinipigie, shangazi yuko sebuleni atasikia. Soma tu.

Unaujua ule waya wa intaneti niliouchomoa kwenye kompyuta tangu mwezi wa tatu, ili gemu isijisasishe ikatuharibia modi, zile nyongeza tulizoipachikia? AMEUCHOMEKA.

Kaja kusalimia, mimi nikaenda kuoga, yeye akaingia chumbani kufagia. Natoka na taulo, ananiambia, "Mwanangu, waya wako ulikuwa umeanguka, nimekurudishia." Umeanguka! Nilikuwa nimeufunga fundo nikauning'iniza kwenye msumari!

Basi gemu imejisasisha yenyewe. Modi arobaini na tatu, hakuna hata moja inayokubali. Mji wetu tulioujenga humo miaka miwili, mimi na wewe, haufunguki. Daraja lako, stesheni, vyote. Inaniandikia tu "toleo halilingani".

Nikamwonyesha. Akasema, "Si imekuwa mpya? Mpya si ndiyo nzuri?" Eti mpya si ndiyo nzuri!

Nikajituliza. Akiba haiozi, nakala ya zamani ya gemu iko kwenye laptopu kabatini, na ile haijaonja intaneti hata siku moja. Nafungua kabati. Haipo.

Nikamuuliza kwa adabu zangu zote. Akatabasamu. "Ile iliyokuwa imelala kabatini? Nimeiwasha, nikaichomekea waya huohuo. Maskini, ilikuwa inaomba ruhusa ya kujisasisha, nikaikubalia."

Unajua nilimjibu nini?

"Asante, shangazi."