Dkt. Kiilu Nzomo na Redio Iliyofichwa Mzingani

Mwaka umezunguka, Baba Kalunde, tangu ulipotuacha asubuhi ile ya tarehe 12 Septemba 1995. Kiti chako hapa Kanyangi bado hakuna anayekikalia, isipokuwa paka.

Chuo kikuu walikuita mtaalamu wa teknolojia, siasa na utamaduni. Dada yako Syombua alisema wewe ni mtu wa maswali tu. Ulimuuliza muuza ndengu redio imebadilisha nini barazani, ukawauliza akina mama wa kwaya, ukamuuliza hata chifu, na kila mahali chai yako ilipoa. Mfukoni kalamu tatu, inayoandika moja.

Lakini kisa cha Kyuso, mwaka wa 1974, hicho hatukuachii. Ulifika na Land Rover na faili kwapani, wanakijiji wakadhani wewe ni mkaguzi wa leseni za redio. Wiki nzima ukaandika: hakuna redio, hakuna redio. Siku ya kuaga, uko kwa Mzee Mutie unakunywa uji, saa saba ikagonga, na mzinga mtupu wa nyuki pale pembeni ukaanza kusoma taarifa ya habari. Mzee alikuwa ameificha humo redio yake haraka, akasahau kuizima. Ulicheka hadi uji ukamwagika shatini. Kisha ukachana sura nzima ya kitabu chako, ukaanza upya.

Tangu hapo hukuchapisha neno kabla ya kuwasomea wahusika wenyewe, kwa Kikamba, wakukosoe. Ndiyo maana kitabu kilikula miaka ishirini. Ulipolazwa hospitali, sura ya Kyuso pekee ndiyo ilikuwa haijasomwa, na hiyo ilikusumbua kuliko maumivu. "Kalunde, wasipoisikia wao kwanza, kitabu kisitoke," ulimwambia binti yako. Naye mwaka mzima amehofu kwamba hawatakuja kumsikiliza yeye.

Sasa tulia, Baba. Jumamosi hii, tarehe 14, saa tano, baada ya maombi, ataisoma sokoni Kyuso. Mzee Mutie ametuma salamu: "Mwambieni Daktari nakuja, na redio nitaibeba mkononi, watu wote waione."

Unakumbukwa kwa upendo na mkeo Ndila, watoto wako Kalunde na Nzioka, dada yako Syombua, wajukuu, na marafiki wa Kanyangi na Kibwezi.

Kila taarifa ya saa saba ikianza, tutakukumbuka.