Kiti cha Mfalme

Leningrad, 3 Novemba

Mama mpenzi,

Shikamoo. U hali gani, na kifua je, kimeacha kukusumbua tangu baridi ianze huko Perm? Bibi Faina wa ghorofa ya chini naye hajambo? Mimi ni mzima wa mwili, ila roho iko juu juu. Hata barua hii naiandika nimesimama dirishani.

Nimepata telegramu yako kwamba umeshakata tiketi ya treni, na jengo zima linajua unakuja kumwona mwanao akiruka jukwaani. Mama, umenitia wasiwasi. Magazeti ya hapa bado yananiita mtu asiyetua. Baada ya onyesho watu hunisubiri nje na maua, kwenye theluji, nami hujificha ndani hadi watawanyike, wasije wakaona ninavyoshuka ngazi.

Jumanne Ignati Lvovich, mwalimu wetu wa dansi ya baleti, aliniita baada ya mazoezi. Alisema zamani nilikuwa sisikiki nikitua, sasa ananisikia hata akiwa amefumba macho. Nikasingizia sakafu. Akacheka, akasema sakafu ni ile ile, Rodya, na goti halina spea. Nilimtukana, mama, mtu aliyenilea tangu utotoni. Nikatembea kando ya mto mpaka vidole vikafa ganzi, kisha nikarudi kumwomba radhi. Akanimiminia chai kana kwamba hakusikia tusi.

Sasa nikwambie, maana ukifika utajionea mwenyewe. Sitaruka. Nafasi yangu ya mwana wa mfalme itachezwa na Demyan, kijana mwenye miguu mizuri kuliko yangu ya wakati wowote, nami namwonea wivu hata salamu yake naitikia kwa shida. Mimi nitakuwa mfalme. Nitavaa joho na kukaa kitini onyesho zima, nikiwatazama wengine. Nililia, kisha nikakubali, kwa sababu nje ya jukwaa lile sina pa kwenda.

Unakumbuka siku uliyonileta shule ya baleti? Ulitaka tukae kimya kidogo juu ya mizigo kabla ya safari, kama wafanyavyo watu wote kwetu ili safari iwe njema. Mimi nikazunguka chumba, ukaniuliza kama nina miiba makalioni.

Njoo tu, mama. Kabla ya kutoka, keti kimya na Bibi Faina, umsalimie sana. Mwambie mwanao amejifunza kukaa, na kwamba kunamuuma kuliko kuruka.

Mwanao akupendaye,
Rodion