Nyumba ya Chini

Jumamosi, 8 Machi 2025
Mwaka huu nahamia shamba! Kampuni inataka kununua jengo letu hapa Makongeni, nyumba zote nane kwa mpigo, ibomoe ijenge ghorofa refu. Saba tumekubali. Mimi nishaanza kuota mbuzi wangu kule Gatuanyaga. Amebaki Mama Jashoda wa chini na mzee wake Bhupendra. Hataki hata kusikia. Gerishon, mwenyekiti wetu, anasema sisi ndio wengi, akikataa twende kortini. Lakini kwanza mimi nikambembeleze — ati tunapatana.

Jumatatu, 10 Machi
Nimerudi nimeshiba chapati, bila jibu! Mzee haoni kabisa, miaka sasa. Na ndiye alipika chai. Alitoka chumbani hadi jikoni bila fimbo, akajua majani yako wapi, hakumwaga hata tone. Mama Jashoda akaninong'oneza: hapa ni mwanaume mzima, kwingine atakuwa wa kushikwa mkono.
Bei nzuri itanunua nini hapo?

Jumanne, 11 Machi
Nimemwambia Gerishon. Akafoka — watu saba wangoje mmoja? Nikamjibu, kuwa wengi si ruhusa ya kukanyaga mtu. Kampuni ije iwasikize kwanza. Benta wa juu akaniunga mkono. Gerishon amenuna, lakini amepiga simu. Heh!

Jumamosi, 15 Machi
Janice wa kampuni amekuja. Mzee akamwambia: funga macho, nifuate. Tulivyocheka! Janice akagonga meza, akagonga mlango, akakanyaga ndala. Mzee mbele anatembea tu, kama bwana harusi. Alipofungua macho, Janice hakuwa anacheka. Akasema wanaweza kuwapa nyumba ya chini kwa jengo jipya, vyumba vipangwe vivi hivi, na wawatafutie pa kukaa kwa sasa. Mama Jashoda akamtazama mumewe. Mimi moyoni — mbuzi hao!
Mzee akafikiria. Halafu, polepole, akinigeuzia uso: "Na huyu Ndinda anayeimba akishuka ngazi, ndio najua kumekucha — naye mtamjenga?"
Wote wakaangua kicheko. Changu kikakatikia njiani.
Sasa Gerishon anabisha mlango. Anataka kujua kama bado nauza. Nimemwambia angoje, niko bize.