Goti Jipya Chini ya Leso

Baba Njeri, sasa? Huku Murera kuna baridi, lakini irio ni ya moto na nimenenepa.

Goti jipya la mguu wangu wa bandia, nililowekewa Thika, halipigi kelele hata kidogo. Kwa hivyo jana, kwenye ruracio, sherehe ya mahari ya Wanjiku, mtoto wa kaka yangu, hata mimi nilifunikwa leso pamoja na wasichana ili bwana harusi amtafute bibi yake kati yetu. Unajua sijawahi kuitwa kwenye mchezo huo. Goti la zamani lilikuwa likilia kama mlango wa banda la kuku, angenijua nikiwa bado jikoni. Tukapita mbele yake. Kijana akatuzunguka, akafikiria, halafu akanishika mkono: "Ni huyu!"

Leso kutolewa, shangazi mzima, mapengo nje! Watu walicheka mpaka wakatoa machozi. Nami kwa kujiona msichana nikacheza kwa madaha, mpaka mguu wa bandia ukazunguka, kiatu kikaangalia nyuma. Wifi akauliza, "Mama Njeri, sasa unaenda ama unarudi?"

Ninarudi Jumamosi. Usingoje ule mlio wangu wa getini. Ukiona mwanamke anaingia kimya kimya, tafadhali usimfungulie mbwa.

Nimekukosa sana,
Mama Njeri