Mfupa wa Paja Haupasuki Hivi Hivi

Jumatatu, 5 Mei

Uji wa binti yangu Rukia tena, hauna sukari. Vidonge viwili vyeupe. Mguu juu ya mto. Naitazama dari ya chumba hiki cha ghorofani mpaka tumechokana.

Nimeuza nyama sokoni tangu sina ndevu hadi zikawa nyeupe. Mfupa wa paja naujua. Ndio mgumu kuliko yote, shoka lazima lirudi. Wangu, mwezi wa pili sasa, umepata ufa kwa kushuka kidato kimoja cha ngazi. Hata sikuanguka! Nimekanyaga tu, ukalia ka! Haiingii akilini.

Jumatano, 7 Mei

Jana kliniki. Daktari na mwanangu Athumani wakasema Kizungu juu ya kichwa changu. Fima, pelvisi, fima tena. Naandika nilivyosikia. Nikauliza. Athumani akasema, "Ni majina ya mifupa tu, Baba."

Majina ya mifupa! Mimi wa kuambiwa hivyo? Na kama ni majina tu, mbona macho yake mekundu? Mbona Rukia, dadake, alitoka nje asirudi?

Wananificha kitu.

Ijumaa, 9 Mei

Sikwenda msikitini. Adhana nimeisikia kitandani, ikaniuma.

Alasiri nikasikia sauti ngazini. Nikajiburura hadi mlangoni. Athumani na mtu nisiyemjua wanapima ngazi kwa utepe. Wakashuka, wakapima na sebule. Dalali huyo, nani mwingine? Nyumba hii ya babu yangu kila siku watu waiulizia, wataka kuifanya hoteli ya watalii.

Jioni Rukia akaja na maneno ya asali. Nihamie kwake Tononoka, hakuna ngazi, nikae mpaka mfupa uunge. Ehee! Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumamosi, 10 Mei

Nimelala vibaya. Mambo nayaona hivi: mfupa umeunga kitambo. Wanasema bado ili nitoke. Nikishatoka, nyumba imekwenda.

Hawa nimewalea peke yangu tangu mama yao afariki. Wao nikiwakatia nundu, mimi nikila shingo. Leo ndiyo shukrani. Nina hasira. Rukia kaleta samaki wa kupaka, nikamwambia sili chakula cha watu wanaongoja niondoke. Akalia. Nikafurahi, Mungu anisamehe.

Jumanne, 13 Mei

Picha ya eksirei ya mguu waliificha juu ya kabati. Rukia alipokwenda sokoni nikaiangusha kwa mkongojo. Jirani mwenye duka la vitambaa hapo chini akaja kunishika, nikashuka ngazi kwa makalio, natoka jasho kama mwizi. Nikapanda tuktuk hadi Mwembe Tayari, zahanati wasikonijua.

Daktari ni binti wa hijabu ya buluu. Nikamwambia anisomee picha, na asinidanganye, kwa kuwa mifupa ndiyo kazi yangu. Akauliza nimekuja na nani. Na nafsi yangu, nikasema.

Akaanza na majina. Fima ni huu wa paja. Pelvisi ni nyonga. Akanionyesha kwa kalamu. Kisha kalamu ikasimama, na mimi nikainama nione.

Mfupa umelika. Vitundu vitundu kama mkate wa mchele, pajani na nyongani. Niliwahi kupasua ng'ombe mwenye mfupa kama ule. Mkaguzi wa nyama hakumpiga muhuri. Tulifukia nyama yote, hata mbwa hakupewa.

Nikauliza kama ni saratani. "Ndiyo, Babu. Na imetembea." Nikauliza kama wanangu wanajua. Akasema daktari aliyeagiza picha hawezi kukosa kuwaambia. Akanishika mkono. Wake ulikuwa baridi.

Jumatano, 14 Mei

Picha nimeirudisha juu ya kabati. Sikumwambia mtu.

Yule wa utepe kumbe seremala. Jirani anamjua. Athumani ameagiza vishikio vya ngazini na kitanda cha sebuleni, ikiwa nitakataa Tononoka. Na mimi nimemwita dalali. Astaghfirullahi.

Leo nimekula chakula chote cha Rukia nikamsifu. Akanitazama kwa wasiwasi.

Naogopa. Naandika hivi hapa kwa kuwa hapa hakuna mtu. Bora wangalikuwa wezi. Mwizi ningemfukuza, nikabaki na nyumba yangu na umri wangu.

Ijumaa, 16 Mei

Nimekubali Tononoka. Rukia aliuliza mara mbili kama nimesema kweli. Akafunga nguo zangu haraka, nisije nikaghairi.

Athumani kanibeba mgongoni. Ngazi nyembamba, ukuta wanikwaruza kiwiko. Mgongo wake ulikuwa unatetemeka. Si uzito, sina uzito tena. Akauliza kama naumia. Nikamwambia mguu unapoa, naona mfupa unaunga.

"Alhamdulillahi, Baba," akasema. Hakugeuka.

Sijui kama ameniamini. Nikamwambia ashuke polepole. Akashuka polepole.